Hodi Nyumbani kwa Kaka

Ukitoka Shinyanga mjini kuelekea Tinde, tazama vizuri kushoto na kulia kwa barabara. Utaona minyaa iliyopandwa kwa mviringo katikati ya mbuga, imefungamana, kijani kibichi hata mwezi wa tisa, wakati majani mengine yote yamekauka na ng'ombe wanalamba vumbi. Ndani ya mviringo hamna nyumba. Hamna zizi, hamna ghala la mtama, hamna mafiga. Pengine umebaki mkwaju mmoja, pengine kichuguu. Mpita njia atadhani ni kichaka kilichojiotea. Mwenyeji anajua kwamba hapo ni mahame. Palikuwa na mji wa mtu, watoto walizaliwa hapo, wazee walizikwa hapo, na ng'ombe waliingia jioni kwa kupitia ule mwanya ambao minyaa haijauziba mpaka leo.

Mengi ya mahame hayo ni ya miaka ya Operesheni Vijiji, kuanzia 1974. Wasukuma walikuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila mji na minyaa yake, kila ukoo na malisho yake. Wakaamriwa kuhamia vijiji vilivyopimwa. Wengine walihama kwa kupenda, wengine waliona paa linashushwa wakiwa bado wanafunga mizigo. Mama alikuwa msichana wakati huo. Tulipokuwa tukipita, alikaa dirishani na kunionyesha kwa kidole: hapa ni kwa yule mganga wa mifugo, pale ni kwa mzee aliyekuwa na ngoma kubwa, huku ndiko tulikokuja arusini nikiwa na gauni la kuazima. Wenye miji hiyo walikufa zamani. Yeye anawataja kana kwamba tukisimamisha gari watatutolea viti.

Tulikuwa tunakwenda Geita kujengea kaburi la kaka yangu, kifungua mimba wa mama.

Nataka kuieleza njia hii kwa sababu ni nzuri, na watu hawaisemi. Wanaokuja Kanda ya Ziwa wanakimbilia Serengeti au kisiwa cha Rubondo. Shinyanga wanaipita usiku ndani ya basi, na Geita wanaitaja pale tu habari za dhahabu zinapotajwa. Lakini kuna asubuhi ya mwezi wa tisa, jua bado halijakali, mawe makubwa ya matale yamepangana juu ya vilima, mibuyu haina jani hata moja, na mbuga imetandaa mpaka macho yachoke. Huoni mwisho wake. Kijana wa shangazi aliyekuwa akituendesha, maana tulikodi Noah, alizima redio bila kuambiwa.

Kabla ya kufika Tinde, mama alimwomba asimame. Alitaka kuona ngitili.

Ngitili ni jambo la zamani la Wasukuma. Familia au kijiji hutenga eneo la malisho, hufungwa mvua zinapoanza, majani yakue, miti ijiotee, kisha hufunguliwa kiangazi kwa ndama na ng'ombe waliodhoofu. Utaratibu huo ulikaribia kufa. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka na kuchoma vichaka vya Shinyanga ili kuwafukuza mbung'o, na Mwingereza Charles Swynnerton akaufanya mji huu kuwa makao ya utafiti wao. Halafu ikaja pamba, nayo ilitaka mashamba zaidi na zaidi. Halafu Operesheni ikawatenga watu na ngitili zao. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 ngitili zilizojulikana katika mkoa mzima hazikuzidi sana hekta 600, na Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao haukuja na miti mingi ya kigeni. Uliwauliza wazee walikuwa wakifanya nini zamani, ukawaambia wafanye tena. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, hekta zaidi ya 250,000 zilikuwa zimerudi katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mama alishuka, akaingia kwenye majani makavu mpaka magotini, akashika tawi la mgunga. Haikuwa ngitili yetu. Yeye hakujali. Alisema, "Visiki vilikuwa hai muda wote huu, mwanangu. Sisi tulidhani vimekufa."

Kisha akanieleza habari ya moshi, ambayo nimekuwa nikiisikia nusunusu tangu utotoni. Miti ilipokwisha, wanawake walipikia samadi ya ng'ombe iliyokaushwa na mabua ya pamba. Moshi wake ni mkali. Mwanamke aliyepika hivyo miaka thelathini macho yake huwa mekundu, hayapoi tena. Na katika Usukuma wetu, macho mekundu ya kikongwe yakageuzwa kuwa ushahidi wa uchawi. Vikongwe wengi walikatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao kwa sababu ya rangi ya macho, na jambo hilo limeandikwa na kusemwa miaka mingi, bungeni, makanisani na kwenye ripoti za haki za binadamu. Bibi mmoja wa upande wa mama alikufa hivyo. Siku hiyo ndiyo niliambiwa. Nilikuwa nimekua nikijua kwamba aliugua.

Hapo kando ya barabara nilielewa kwamba anayekata mti wa mwisho wa kijiji hajui atakachokuwa amekikata. Kuni zinakwisha, unakuja moshi. Moshi unaleta wekundu wa macho. Wekundu wa macho unaleta panga. Ngitili zimerudi, na ninafurahi kwamba zimerudi. Bibi yule hakurudi. Mama aliachia tawi, akapangusa viganja kwenye kanga, tukaondoka.

Isaka tuliipita haraka. Ni mji wa reli na malori, makontena ya mizigo ya Rwanda na Burundi, madereva wamelala chini ya matela yao. Kagongwa tulisimama kununua mchele, kwa sababu mama hawezi kwenda kwa watu mikono mitupu, tukanunua na michembe iliyochemshwa kwa karanga. Mbele kidogo, kabla ya Kahama, yanaonekana marundo ya mawe ya mgodi wa Buzwagi, ya kijivu, yamekaa kama vilima ambavyo Mungu hakuviumba. Mgodi huo ulianza kuzalisha mwaka 2009 na ukasimamisha shughuli mwaka 2021. Kaka alikuwa makanika wa mitambo kwa mkandarasi mmoja pale. Kazi ilipokwisha alipewa haki zake, akakaa nyumbani mwezi mmoja, akasema hawezi kulima pamba inayolipa mkulima akiwa ameshakufa, akaenda Geita. Alinunua kiwanja pembezoni mwa mji, akajenga vyumba vitatu, na pesa iliyobaki akaiweka na wenzake kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Mke wake alikuwa Muha wa Kibondo. Walikuwa na watoto wawili.

Tukiwa na kaka, Geita ilikuwa kwetu. Ulikuwa unafika saa nne usiku bila kupiga simu, unagonga dirisha, shemeji anaamka anawasha jiko. Sikuwahi kujua bei ya chumba Geita. Sikuwahi kuhitaji kujua.

Kutoka Kahama kwenda juu, kupitia Segese na Bugarama mpaka Kakola, nchi inabadilika. Mbuga inakwisha, udongo unakuwa mwekundu, na pande zote mbili unaona turubai za bluu, makarasha ya kusaga mawe yananguruma, vijana wamebeba viroba vya mawe kwenye pikipiki watatu watatu. Huku ndiko kwenye mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, ulioanza kuzalisha mwaka 2001. Kabla yake palikuwa na wachimbaji wadogo kwa maelfu. Mwaka 1996 serikali iliwaondoa kumpisha mwekezaji mwenye leseni, na mashimo yakafukiwa. Ilidaiwa kwamba humo chini walikuwamo watu, zaidi ya 50. Serikali na kampuni zilikanusha. Nimesoma mengi ya pande zote, na jambo moja linaniumiza kuliko mengine: mabishano ya miaka mingi kuhusu watu kama walikuwapo au hawakuwapo yanawezekana pale tu ambapo hapakuwa na aliyeandika nani ameshuka.

Na bado hatuandiki. Oktoba 2015, Nyangalata, huku huku Kahama, duara lilititia na wachimbaji sita wakadhaniwa wamekufa. Matanga yakawekwa. Baada ya siku 41 watano wakatolewa hai. Walikuwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura na maji yaliyodondoka mwambani. Mmoja alifia chini. Januari 2017 wachimbaji 15 walitolewa salama katika mgodi mmoja wa Geita baada ya kunaswa kwa siku tatu. Agosti 2025 ikawa zamu ya Nyandolwa, Shinyanga Vijijini, watu 25 wakafukiwa. Ndugu walikaa kandokando ya shimo siku baada ya siku, na nchi nzima tukajifunza jina la kijiji ambacho hatukukijua.

Duara la kaka lilipotitia hapakuwa na habari ya taifa. Waliofukiwa walikuwa wachache mno. Mvua ya Machi ilinyesha siku mbili, matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, yakaachia usiku upande mmoja, duara likajaa kifusi. Watu wakakusanyika na tochi na kuulizana wangapi wako chini. Mmoja alisema saba, mwingine alisema tisa. Msimamizi wa zamu hakuwa na orodha yoyote, na wachimbaji hujuana kwa majina ya utani tu. Ukimuuliza mtu jina la mwenzake la shuleni hajui. Ndipo mama lishe mmoja alipokuja na daftari lake la madeni. Kila jioni aliwapikia kabla hawajashuka, na walikuwa wakilipa mwishoni mwa wiki. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa kulala, jina na chakula na bei. Waliokula kwa mkopo jioni ile walikuwa wanane. Wakaanza kuitana kutoka kwenye orodha hiyo. Wawili walionekana wamelala mahali pengine. Waliobaki sita ndio waliokuwa chini, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Nimeliona daftari hilo. Tulipokwenda kuzika alituonyesha. Mstari wa kaka umeandikwa: Fundi, wali maharage, 2,000. Mama alifungua fundo la kanga atoe pesa ya mwanae. Yule mwanamke alimshika mkono, akafunga daftari, wakalia wote wawili wakiwa wamesimama.

Ndiyo maana sikubaliani na watu wanaosema machimbo hayana utu. Utu upo, umejaa. Kilichokosekana ni karatasi, na karatasi nayo ni utu.

Baada ya Kakola njia inapanda. Miti ya miombo inaanza, vilima vinakaribiana, hewa inapoa, na jioni mwanga unapita katikati ya matawi ukiwa na rangi ya shaba. Watu wa huku wengi ni Wasukuma waliohamia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, chini ya mpango wa maendeleo wa Usukuma, familia kutoka maeneo yaliyojaa watu na mifugo zilielekezwa Geita, ambako kulikuwa na msitu na mbung'o. Mjomba wa mama alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo tunapozungumzia Geita tunazungumzia nchi ambayo karibu kila mtu aliingia akiwa mgeni: mkulima aliyeufuata udongo, mchimbaji aliyeifuata rashi, ule mkupuo wa watu wanaokimbilia dhahabu mpya, mkandarasi aliyeifuata kampuni. Dhahabu ilichimbwa hapa tangu wakati wa Waingereza, mgodi wao ukafungwa mwaka 1966, ukaja huu wa sasa mwaka 2000. Mkoa wenyewe ni wa mwaka 2012. Mji una haraka, kila mwezi kuna ghorofa jipya, na ukiuliza mtu kwao ni wapi atakutajia mahali pengine.

Tulifika jua likizama. Kijana wa shangazi akauliza, "Shangazi, tunaelekea wapi?" Ndipo tulipotambua kwamba hatukuwa tumepanga. Njia nzima tulikuwa tumezungumza kuhusu saruji, fundi na mchanga, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyetamka neno kulala. Miaka yote swali hilo lilikuwa na jibu moja. Shemeji alikuwa amerudi kwao Kibondo na watoto mwaka mmoja baada ya msiba, na nyumba ameipangisha ili kodi isomeshe watoto. Tulimuunga mkono sote. Alifanya vizuri. Lakini ndani ya gari, huku taa za mji zikianza kuwaka, mama alisema taratibu, "Basi tutafute gesti."

Nimekwenda msibani mara nyingi, nimefariji watu na nimefarijiwa, na sikujua kwamba kifo kina kazi hii ya pili. Kinachukua mtu, halafu baadaye, kwa wakati wake, kinarudi kuchukua mahali. Siku ya mazishi tulikuwa bado wenye nyumba. Tulipika kwenye sufuria zake, tulilala kwenye mikeka sebuleni kwake. Jioni hii tulikuwa wasafiri wanaotafuta chumba chenye feni.

Tulipata loji nzuri kwenye mteremko, safi, yenye kibaraza kilichoelekea vilima. Dada wa mapokezi alikuwa na adabu. "Shikamoo mama. Poleni na safari." Akafungua daftari kubwa la wageni, lile la kila gesti ya nchi hii, lililopigwa mistari kwa rula: jina, umri, kabila, kazi, anakotoka, anakokwenda, namba ya chumba, saini. Akaanza na mama. Jina akapata. Kabila, Msukuma. Kazi, mkulima. Anakotoka, Shinyanga.

"Na mnakwenda wapi, mama?"

"Kwa mwanangu."

"Anakaa wapi?"

"Hapa hapa Geita."

Dada aliinua kalamu, akamtazama mama, akanitazama mimi. Maana safu ile inataka mahali utakapokwenda ukitoka hapa, na mtu mwenye mwanae mjini halali loji. Sijui aliona nini usoni kwangu. Aliandika "Geita", akageuza daftari ili mama aweke saini, akasema vyumba vyetu viko mwisho, mahali pasipo na kelele, na kwamba atatuletea maji ya moto ya kuoga.

Usiku sikulala haraka. Nilitoka kibarazani nikamkuta mama amekaa kwenye kiti cha plastiki, amejifunika kitenge. Mbele yetu mgodi ulikuwa umewaka taa mlima mzima, nyeupe na za njano, na mlio wa malori makubwa ulikuja na kupotea kadiri upepo ulivyogeuka. Ni mandhari ya kupendeza, sitasema uongo. Mama aliniuliza kama zile taa zinazimwa saa ngapi. Nikamwambia hazizimwi, wanafanya kazi kwa zamu usiku na mchana. Akafikiri. Kisha akauliza kama wale wa mgodi mkubwa huandikwa wanaposhuka. Nikamwambia ndiyo, kila mtu ana namba yake, akishuka inajulikana, akipanda inajulikana. Hakujibu. Alikaa mpaka baridi ikamrudisha ndani.

Asubuhi tulipita kuchukua fundi, saruji na vigae, tukaenda. Njia niliyoijua kwa miguu ilikuwa na vibanda vipya, nikapotea mara moja. Nyumba ilikuwa ile ile, dirisha lile lile la kugonga usiku. Kamba ya nguo ilikuwa imejaa nepi. Mama alisimama mlangoni kwa mwanae, mlango ambao aliwahi kuuingia akiwa na ndoo kichwani bila kusema neno, akarekebisha kanga yake na kuita:

"Hodi."

Kimya kidogo, kisha sauti tusiyoijua ikajibu kutoka ndani, "Karibuni."

Mpangaji alikuwa binti mdogo, mtoto mgongoni, mume wake yuko kwenye karasha. Tulipojieleza alipiga magoti akamwamkia mama, akatoa viti viwili na kipande cha mkeka. Mama akampa mchele wa Kagongwa. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema "Asante, mama mwenye nyumba," na mama akakaa, mikono magotini, bila kumkosoa.

Kaburi liko nyuma, chini ya mwembe alioupanda kaka mwenyewe. Tulitarajia magugu. Palikuwa pamefagiliwa, mistari ya ufagio inaonekana mchangani, na mawe tuliyoyazungushia siku ya mazishi yamepakwa chokaa. Binti alisema wanafagia kila Jumamosi. Hawakumjua marehemu. Waliambiwa na majirani kwamba alikuwa fundi na kwamba alifia duarani, na kwa kuwa mume wake naye hushuka mara kwa mara karasha likikosa mawe, aliona vibaya kuliacha. "Nikimfagilia huyu," alisema, "naona na mimi wangu atafagiliwa." Mama alimwambia asiseme hivyo. Akamvuta, akambeba mtoto yeye mwenyewe, na mpaka fundi anamaliza safu ya mwisho ya vigae hakumshusha.

Tuliweka msalaba na jina lake kamili, majina matatu, ambalo wenzake wa duarani hawakulijua. Tukampigia shemeji simu ya picha ili watoto waone. Mkubwa aliuliza kama mwembe umezaa.

Yule binti ana mume anayeshuka, na nilipomuuliza kama huandikwa anaposhuka, alitikisa kichwa. Kwa hiyo nawaomba wenye maduara, wenyeviti wa vikundi, maofisa madini wa Shinyanga na Geita, na wenyeviti wa vijiji ambao rashi huwakuta wakiwa hawana hata stuli ya kukalia: wekeni daftari kwenye mdomo wa kila duara. Loji moja Geita ilitaka kujua jina la mama yangu, kwao na aendako, kwa sababu ya kulala usiku mmoja kwenye kitanda chenye neti. Anayeshuka mita mia chini ya matimba ya mwaka juzi anastahili kuulizwa hayo na zaidi: jina lake lote, kwao ni wapi, simu ya nani ipigwe. Akipanda, akate mstari kwenye jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Daftari la kaunta na kalamu havizidi bei ya sahani tatu za wali maharage. Msimsubiri mama lishe. Waandikeni watu kabla hawajashuka.